Mkono Uliompa Bwana Maji

Siku hiyo theluji ilianguka Kitabuni, kwa hiyo watu wa mji wakavaa makoti.

Jua lilikuwa la kupasua mawe. Mbwa wamelala chini ya mikokoteni, ndimi nje, na lami inanata kwenye kandambili. Lakini Kitabu kilikuwa kimefika Sura ya Kumi na Tisa, na Sura ya Kumi na Tisa ni sura ya theluji, basi wanaume walipita wamejifunga skafu za sufi shingoni huku jasho likiwachuruzika kama waliomwagiwa ndoo, wakikutana wanaulizana, "Baridi hiyo, ndugu yangu?" na kujibizana, "Acha tu, mwaka huu imezidi." Usicheke, wewe unayesoma. Ipo miji mingi inayovaa makoti ya watu wengine, na huenda wako ni mmojawapo. Tofauti ni kwamba mji huu uliandikiwa ni koti gani, na livaliwe lini.

Watu husahau, lakini yafaa ikumbukwe kwamba hakuna aliyekiomba Kitabu. Kabla yake mji ulikuwa na miezi yake, na miezi ilikuwa na majina: mwezi wa kuchoma magugu, mwezi wa kumbikumbi, mwezi wa njaa ndogo. Likaja sanduku kutoka ng'ambo, likafunguliwa kwa nyundo, na miezi ikaisha. Ndani mlikuwa na riwaya moja, nene kama tofali, iliyoandikwa na mtu wa huko aliyekufa zamani na kusifiwa na wote waliokufa baada yake. Inamhusu Bwana mmoja, mwenye nyumba ya mawe juu ya kilima cha baridi, ambaye amejichoka mwenyewe. Anazunguka dunia akiitafuta roho yake, kana kwamba roho ni mbuzi aliyekata kamba. Anahuzunika kwa kurasa mia tatu. Kisha, katika nchi ambayo mwandishi hakusumbuka kuipa jina, anashikwa na homa, na hapo, katikati ya ukurasa, ndipo ilipo ile sentensi ambayo watoto wa mji waliishika kabla ya majina ya baba zao: *Mkono ukamletea maji, naye akanywa.* Basi. Bwana anapona, anarudi kilimani kwake, anahuzunika kwa kurasa mia tatu nyingine.

Mkono ule ndio sisi, walisema wakubwa wa Jumba la Kitabu. Wakatia sauti ya kujivuna: katika riwaya kubwa kuliko zote duniani, sisi tumo! Na kwa kuwa tumo, tupo. Wakaifanya sheria. Aliyemo Kitabuni, yupo. Asiyekuwemo hajawahi kuwako, na ambaye hajawahi kuwako hawezi kufa, na ambaye hawezi kufa hazikwi.

Sheria hiyo ya mwisho ndiyo iliyomshika Sikudhani kooni.

Sikudhani alikuwa mchongaji. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa mbao za masanduku yaliyovunjika na patasi aliyoinoa kwenye kizingiti cha mlango. Anachora ubaoni, anachonga, anapaka wino, anagandamiza karatasi, na picha inatoka. Jumba lilipotangaza kwamba Kitabu kitachapwa upya, safari hii na picha zilizochongwa na mwenyeji, ili ng'ambo waone kwamba na sisi tumestaarabika, wachongaji wote wenye jina walijificha chini ya vitanda wakisubiri kubembelezwa. Sikudhani akaenda siku ileile. Mtaani wakamwita kibaraka. Alilifuata jambo moja tu huko, na jambo hilo lilikuwa mama yake.

Mama yake, Mwajabu, ndiye aliyepeleka maji Jumbani. Maisha yake yote. Alikuwa na kata ya nguo kichwani iliyomla nywele za utosini, na shingo iliyonyooka hata akiwa amekaa. Siku moja hakurudi. Sikudhani akaenda langoni.

"Namtafuta mama yangu. Wamesema ameanguka uani kwenu, chini ya pipa."

"Mama yako nani?" akauliza mlinzi, koti limefungwa mpaka kidevuni.

"Mwajabu. Anayewaletea maji."

"Maji huletwa na Mkono, binti."

"Ndiye. Ndiye huo mkono. Nipeni nikamzike."

Mlinzi akamtazama kwa huruma, na huruma yake ilikuwa ya kweli, jambo ambalo lilifanya iwe mbaya zaidi. "Sikiliza, dada yangu. Mkono haufi. Umesomaje shule wewe? Nenda nyumbani, jua kali." Kisha akakumbuka ni Sura ipi, akajirekebisha: "Baridi kali."

Mwili hawakuutoa. Kilio hakikuruhusiwa. Jirani yao, Bi Chausiku, aliyekuwa amekula kiapo cha ushoga na marehemu tangu wote wawili hawajavunja ungo, alikuwa ameshatoa jamvi la matanga uani. Akalikunja, akalisimamisha nyuma ya mlango. Likakaa hapo miaka mingi, Kitabu kikiisha na kuanzwa upya. Wageni walipoingia waliliona, wakaangalia pembeni. Jamvi la matanga lisilotandikwa ni kitu kibaya nyumbani, ni kama mtu aliyesimama nyuma ya mlango akisikiliza.

Kwa hiyo Sikudhani aliposema ndiyo, nitachonga, alikuwa amepiga hesabu yake. Kwenye ile picha moja, picha ya maji, ule mkono atautia mwili. Mwili atautia shingo. Shingo ataitia uso, na uso utakuwa wa Mwajabu. Na picha ikipita, Mwajabu atakuwemo Kitabuni, akiwemo, alikuwako, kama alikuwako, amekufa. Jamvi litatandikwa. Aliona njia hiyo wazi kama mtu aonavyo ng'ambo ya mto kabla hajatia mguu majini.

*

Akaanza na picha za wengine. Alimchonga Bwana akiwa farasini, Bwana dirishani, Bwana amekishika kichwa chake kama papai analotaka kulinunua. Alichonga mwanamke wa huko aliyefia kwenye kochi kwa sababu ya barua. Alichonga theluji, ambayo hajawahi kuiona, akaifanya kama majivu ya shamba linapochomwa, na wakubwa wa Jumba, ambao nao hawajawahi kuiona, wakasema naam, ndivyo hasa ilivyo.

Sharti mjue namna kazi hii inavyokwenda. Ubao ni kioo. Ulichokichonga kulia, karatasini hutoka kushoto. Kwa hiyo mchongaji huchonga kinyume: upanga wa Bwana huuweka mkono wa kushoto ili uchapwe ukiwa wa kulia, na maandishi huyaandika kama anayerudi nyumbani kinyumenyume. Sikudhani alilijua hilo kwa vidole, hakuhitaji hata kulifikiria. Picha baada ya picha alichonga dunia kinyume, nayo ikatoka sawa. Na mara nyingine, patasi ikiwa mkononi, alijiuliza kama si sisi wenyewe tuliochongwa hivi: mtu fulani, mahali fulani, alituchonga akidhani tutageuzwa, kisha hakutugeuza. Au alitugeuza mara mbili. Mtu huwako kwa sababu alizaliwa, au kwa sababu amechorwa? Na kama ni kwa kuchorwa, anayeshika patasi ni nani, na yeye amechorwa na nani, na huko juu kabisa, mwisho wa patasi zote, kuna mkono au kuna tundu tu?

Vumbi la mbao likamwingia puani, akapiga chafya.

Halafu akauchukua ubao wa mwisho. Ubao wa mvule, aliouficha.

Hapo hakuchora. Picha za Bwana alizichora kwanza kwa kalamu, akapima, akageuza. Hii alikaa nayo uso kwa uso akatia patasi moja kwa moja, kama mtu anayefukua. Njoo. Njoo mama, polepole. Hapa paji, lile kovu la kuni. Usinione hivi, nina mvi, wewe ulikufa huna. Nimekupita umri, nitakuitaje? Mwanangu? Shikamoo, mwanangu. Sikudhani ana miaka sita, amekalia kinu kilichoinamishwa, mama anamwambia usikalie kinu. Ana miaka mia, hana meno, hakuna wa kumwambia asikalie. Hapa pua. Hapa ule mdomo uliokuwa ukifungwa kwanza, kisha ndipo ukacheka. Hapa mkono wa kulia unatoa kata ya maji, na wa kushoto umeshika kiwiko cha wa kulia, kama inavyompasa mtu aliyelelewa kumpa mtu kitu. Kwa kuwa Mwajabu alikuwa hivyo. Hata chumvi. Hata kwa mtoto. Hata kwa mwendawazimu wa sokoni alitoa kwa kulia na kiwiko kashika, na mwendawazimu yule, ambaye aliwapiga wengine mawe, alipokea kwa mikono miwili.

Alipomaliza, mama yake alikuwa amesimama ubaoni, akimpa maji kwa heshima zote. Sikudhani akacheka peke yake. Hakuwa amecheka tangu sura ambayo haikumbuki. Akaukumbatia ubao, akaupeleka kwenye mtambo.

*

Mchapaji alikuwa Mzee Kilongola, mtu mwenye kucha nyeusi kwa wino na mdomo mweusi kwa maneno. Kwa ukoo alikuwa mtani wa akina Sikudhani, na mtani, kama mjuavyo, ana ruhusa ya kukutukana hata mbele ya maiti. Tena mbele ya maiti ndipo hasa.

"Umeniletea nini tena, mtumwa wangu?" akasema. "Bwana mwingine amekaa dirishani? Huyu mtu kwao hakuna kazi? Hakuna hata kuku wa kufukuza?"

"Chapa tu, babu. Hii ndiyo ile."

Kilongola akapitisha rola ya wino, akaweka karatasi, akavuta mkono wa mtambo, akaubandua ukurasa kwa ncha za vidole. Akautazama. Meno yote yakatoka nje.

"Alaa! Mtani! Mama yako ananipa maji kwa kushoto! Kumbe ndivyo mlivyofunzwa kwenu? Ndiyo maana niliwakataa posa..."

Alikuwa ameuona uso wa Sikudhani.

Karatasini Mwajabu alisimama na shingo yake na kovu lake, uso wote ni yeye, na mkono aliomnyooshea Bwana ulikuwa wa kushoto. Mkono wa chooni. Na wa kulia, huo uliozoea kutoa, ulikuwa chini, umekishika kiwiko cha mwenzake, kama unaomsindikiza kwenye tusi.

"Sikuugeuza," akasema Sikudhani. Sauti ilitoka ndogo. "Babu, wengine wote niliwageuza. Yule mwanamke wa kwenye kochi nilimgeuza. Farasi nilimgeuza. Yeye nilimtazama machoni, nikasahau kwamba ni ubao."

"Tutachonga mwingine. Mbao zipo."

"Yule sitampata tena."

"Utampata."

"Alikuja mara moja, babu. Ulikuwapo wewe? Alikuja mara moja."

Kabla mzee hajajibu, mlango ulifunguliwa, akaingia Bwana Lukindo, Mkuu wa Jumba la Kitabu. Alikuwa mtoto wa mtaa uleule, amekula uji wa nyumba zile, lakini sasa alikuwa na namna ya kutembea kama mtu anayesomwa. Akaiona picha mezani. Akaiinamia hata pua ikakaribia wino.

"Dada Sikudhani," akasema, na macho yake yalikuwa na machozi, "hii ni kubwa kuliko zote."

"Nimekosea, mheshimiwa. Nipe siku..."

"Umekosea? Hujui ulichofanya! Tazama. Bwana yuko taabani, roho inamtoka, na huyu, huyu kiumbe, anampa maji kwa kushoto. Hana adabu, maskini, hajafundishwa. Na Bwana anafanya nini? Anakunywa! Hasemi neno! Unaona ukubwa wa moyo wake? Miaka yote tumeisoma sentensi hiyo hatukuliona hilo. Wewe umetuonyesha." Akajipangusa. "Ng'ambo watalia."

"Huyo ni mama yangu."

"Najua. Mbona nimemtambua? Alinipa maji na mimi, nikiwa mdogo."

"Kwa mkono gani?"

Lukindo akafungua mdomo. Kwa muda mfupi alikuwa mtoto tena, ungedhani; kitu kilimpita usoni kama kivuli cha ndege ukutani. Kisha kikaisha. "Sikumbuki," akasema. "Kitabu ndicho kinachokumbuka. Na mama yako sasa yumo. Umepita, dada. Nitatoa kibali leo hii: Mwajabu alikuwako, Mwajabu amekufa, azikwe. Si ndicho ulichokitaka?"

Ndicho. Ndicho hasa. Huyo ndiye mdhalimu mwenye elimu, mjueni mkimwona: hakunyimi ulichoomba. Anakupa chote, amekigeuza.

"Na maiti yake?" akauliza Sikudhani.

"Maiti gani? Alianza kuwako leo." Akauchukua ubao kwapani, akachukua na karatasi. "Huu ni mali ya Jumba, ufungiwe kabatini usije ukapotea. Hongera sana."

Alipotoka, Kilongola alitema mate. Kisha, bila kusema, akachomoa chini ya meza karatasi ya pili, mbichi, wino haujakauka. Wakati wao wanasemezana, mzee alikuwa ameuvuta mtambo mara nyingine.

"Chukua," akasema. "Ya kushoto, lakini ndiyo tuliyo nayo."

*

Kibali kilifika mtaani kabla yake. Nyumbani kwa Bi Chausiku wanawake walikuwa wamejaa uani. Jamvi limetolewa nyuma ya mlango ila halijatandikwa. Sanda nyeupe imenyooshwa juu ya kitanda cha kamba, wanaipima kwa dhiraa, wanabishana maiti isiyokuwapo ina urefu gani. Sikudhani akaingia, ameushika ukurasa kwa ncha mbili kama mtu aliyebeba nguo iliyolowa.

"Lete tumwone," akasema Bi Chausiku.

Akamwona, akaukunja uso.

"Huyu nani?"

"Bi Chausiku, ni mama."

"Mama nani? Mwajabu namjua mimi. Tumechezwa ngoma pamoja, tumefichiana siri hata za waume. Mwajabu hakunipa kitu kwa kushoto, hata siku tuliyogombana. Siku hiyo, nisikilizeni, alinitupia ungo, na aliutupa kwa kulia!" Wanawake wawili wakacheka, wakajiziba midomo. Yeye hakucheka. "Uso mmeuiba mahali. Mtu huyu hana kwao. Mimi simtandikii jamvi."

"Ni ubao, Bi Chausiku. Ubao hugeuza. Ubaoni alikuwa sawa, wallahi, alikuwa sawa."

"Uko wapi huo ubao?"

"Wameufungia."

"Enhe. Basi aliye sawa limemfungia Jumba, na kosa umeniletea mimi nilizike." Akaunyooshea ukurasa kidole. "Bora asingekuwako, mwanangu. Bora abaki hajawahi kuwako, kuliko kuwako hivi mpaka kiama, anawapa watu maji kwa mkono wa kutawazia. Nani kakwambia kuwako ndiko kuzuri? Ondoa."

Akausukuma ukurasa. Ukateleza, ukapeperuka kidogo, ukaanguka kifudifudi juu ya sanda. Bi Chausiku akauwekea kiganja ili usipeperuke tena, kwa hasira, akaugandamiza kama anayeua mdudu. Alipoubandua, akaguna.

Wote wakasogea.

Juu ya kitambaa, hafifu kama alama ya maji yaliyokauka, Mwajabu alisimama akiwapa kata. Kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umeshika kiwiko.

Mtu asiyejua angesema ni doa. Ilibidi uiname, uzuie pumzi, na uwe ulimjua. Lakini Bi Chausiku aliinama, na alikuwa amemjua, na alitoa sauti moja ambayo haikuwa neno. Kisha akanyoosha viganja vyake viwili pamoja, akavikinga mbele ya kitambaa, kama anayepokea. Akasema, "Ahsante, shoga yangu." Akageuka, akawaambia wanawake, "Tandikeni."

Jamvi likatandikwa. Kilio kikapasuka, na makoti yakavuliwa, na kwa muda mji ule, au walau ua ule, haukuwa katika Sura yoyote.

Ni Sikudhani peke yake aliyekuwa hajalia. Alikuwa ameishika sanda kwa pindo.

"Hii nitaitundika," akasema. "Njia panda, kila mtu aione. Huyu ndiye wa kweli."

"Utaitundikaje sanda?" akauliza Bi Chausiku, macho mekundu. "Sanda haitundikwi."

"Nitanunua nyingine ya kuzikia."

"Ya kumzikia nani? Mwili hatuna. Tunachotia kaburini ni nini, hewa? Huyu hapa ndiye tuliye naye." Akamshika mkono. "Chagua, mwanangu. Ukimtundika, huna wa kuzika, atakaa ukutani mpaka mvua imfute. Ukimzika, umemzika."

"Nikimzika atabaki yule wa Jumbani tu. Yule wa kushoto. Hakuna atakayejua."

"Sisi tutajua."

"Mpaka lini?"

Bi Chausiku akaufunga upya mtandio wake.

Sikudhani akaangalia kitambaa. Wino ulikuwa tayari unafifia, unanyweka ndani ya nyuzi. Kumwacha mama akiwa kweli bila kaburi, au kumpa kaburi liimeze kweli. Akakumbuka siku ya langoni. Akakumbuka jamvi nyuma ya mlango na wageni wakiangalia pembeni. Mtu anachoka. Mtu husimulia habari za mashujaa wasiochoka kwa sababu hajabeba maji. Akaikunja sanda kwa ndani, uso ukiangalia uso, akaibeba kifuani.

*

Walipokuwa njiani kwenda makaburini, gari la matangazo liliwapita polepole, spika zikikoroma. Lilisema Jumba linayo furaha. Lilisema picha mpya imefichua maana ya sentensi yetu. Lilisema kwamba Mkono uliompa Bwana maji ulikuwa wa kushoto, umekuwa wa kushoto siku zote, na watu wa Mkono, kwa fahari yao, watatoa na kupokea kwa kushoto. Halikutisha mtu. Halikutaja adhabu. Watoto waliokuwa barabarani wakaanza kupeana mikono ya kushoto, wakicheka kwa raha ya kitu kilichokuwa haramu asubuhi. Muuza karanga akampimia mteja kwa kushoto, mteja akasita, akapokea. Mzee mmoja mwenye kanzu alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili alikuwa na haraka.

Kaburini Kilongola alifanya kazi yake ya utani. Akarukia ndani ya shimo, akalala chali, akakataa kutoka. "Marehemu gani mwepesi hivi!" akapiga kelele. "Kwenu mnakufa mmekunjwa kama leso? Mlimpa chakula kweli? Sitoki! Nileteeni maiti yenye mifupa!" Watu wakacheka huku wanalia, ndivyo inavyotakiwa. Lakini Sikudhani alimwona alipolala pale chini: midomo ilicheka, macho yalikuwa yametazama juu kwenye ule mraba wa mbingu, yamejaa maji. Wakamvuta. Akatoka na udongo mgongoni, hakujipangusa.

Sanda ikashushwa. Ndogo, nyeupe. Bi Chausiku akasema jina kamili la marehemu, na la baba yake, na la mama yake, kwa sauti ya kufika mbali, jina ambalo Jumba halikulijua. Likafika palipofika.

Halafu ikawa zamu ya udongo. Kila mtu huinama, hushika konzi, hutupa. Sikudhani alisimama ukingoni akiwatazama, kwa kuwa mwenye msiba hutupa mwisho. Akamwona mama muuza vitumbua akiinama, akitupa kwa kushoto. Fundi baiskeli, kwa kushoto. Shangazi wa mbali aliyetoka mji mwingine, akawaangalia wengine kwanza ajue desturi ya hapa, akatupa kwa kushoto. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wakilia kweli. Bi Chausiku aliinama kwa taabu ya magoti, akanyoosha wa kulia, akausimamisha hewani, akatazama huku na huku kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, na hapo watu wa nyuma wakamsukuma kidogo, Sikudhani asione alitupa kwa upi.

Hasira ikampanda Sikudhani mpaka masikioni. Akataka kupiga yowe. Akataka kuwashika mikono yao mmoja mmoja, awaambie, nyie, huyu ni nani tunayemzika? Hamkumwona? Mmemwona sasa hivi, kwa macho yenu! Akataka kuwakumbusha mwezi wa kumbikumbi. Akasikia mdundo wa udongo juu ya kitambaa, laini, kama mtu anayepiga hodi bila kutarajia kufunguliwa, na akaona kwamba weupe karibu umefunikwa wote, imebaki pembe moja.

"Mfiwa," akasema Kilongola kwa upole. "Zamu yako."

Akainama. Akashika udongo, ulikuwa na ubichi na mizizi, akaufinya, akautupa pale penye weupe, na ile pembe ikazimika. Ndipo alipotaka kujifuta machozi kwa mkono ulio safi, akaunyanyua, na ulikuwa wa kulia.